Alama ya Kuuliza Niliyoisahau

Mwezi uliopita nilikuwa Mombo, nimekaa kwenye benchi la mama muuza chai nikisubiri gari la kunipandisha Lushoto, mara simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mjukuu wangu aliyeko Dar es Salaam. Ameandika maneno mawili tu: "Bibi umefika". Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena, nikatafuta kitu mwisho wa sentensi. Hakuna. Sasa huyu mtoto ananiuliza au ananiarifu? Unajua mwenyewe, ndugu yangu, jinsi Kiswahili chetu kilivyo. Habari ni "umefika" na swali ni "umefika", tofauti iko kwenye sauti peke yake. Karatasi haina sauti, na simu nayo ni hivyo hivyo.

Nikamjibu kwamba bado niko Mombo na joto lake. Kisha gari likaja, likaanza kupanda kona moja baada ya nyingine, hewa ikawa inapoa kidogo kidogo na harufu ya miti ya milimani ikaingia dirishani. Tulipofika katikati ya mlima nilikuwa nimesharudi darasa la sita. Maana mimi niliwahi kusahau alama moja ya kuuliza, moja tu, na nusura mama wa watu apelekwe polisi kwa ajili yake.

Kijiji chetu kilikuwa juu ya mji wa Lushoto, mwendo wa saa mbili kwa miguu kama hujabeba kitu. Nililelewa na bibi yangu mzaa mama. Asubuhi kabla ya shule nilichota maji kijitoni, nikakata majani ya ng'ombe, nikarudi vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na bibi akanipa viazi vya jana alivyovifukia kwenye majivu ya moto. Nakumbuka ukungu ulivyoingia mpaka ndani, ukakaa nasi jikoni kama mgeni. Nakumbuka msimu wa matunda damu, midomo yetu ilivyokuwa myekundu mpaka jioni, na peasi ngumu ambazo bibi alizifunika kwenye maharage makavu ili ziive. Nyumbani tuliongea Kishambaa. Shuleni tuliongea Kiswahili. Kiingereza chenyewe kilikaa ubaoni, kikafutwa kwa kitambaa kila kipindi kilipoisha.

Zilikuwa enzi za Ujamaa. Kijiji kilikuwa na shamba la pamoja, shule ilikuwa na shamba lake la kujitegemea, na sisi watoto tuliimba kwenye gwaride tukiambiwa tuwe macho, kwa sababu adui wa nchi anaweza kuja na sura ya rafiki. Tukawa macho kweli. Akipita mgeni barabarani, watoto watano walimsindikiza kwa mbali mpaka wajue anaingia nyumba gani. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu mrefu, zamani karani kwenye shamba la mkonge huko Mazinde, na alijua Kiingereza cha kusomea majina na amri. Kazi yake aliifanya bila kuchoka. Moshi ukitoka jikoni kwako saa isiyo ya kupika, jioni anapita kukusalimia.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitoka Tanga mjini. Alikuwa mwembamba, mtu wa pwani hasa, aliyevaa masweta mawili hata siku ya jua. Aliishuku baridi yetu, aliyashuku maziwa yetu ya mgando, na zaidi ya vyote aliyashuku madaftari yetu. Ukipata sentensi zote sahihi, alikuita mbele na kukuuliza umeketi karibu na nani.

Siku aliyotufundisha alama ya kuuliza aliichora kubwa, kuanzia juu ya ubao hadi chini.

"Hili ni sikio," alisema. "Na hiyo nukta ni hereni. Swali lisilo na sikio halisikiki. Mwingereza atadhani unamwambia, hatajua kwamba unamuuliza."

Akaandika "You are going", akatuambia kwamba hiyo ni habari, wewe unakwenda. Akaandika "Are you going?" akasema sasa ni swali. "Mmeona? Maneno yamegeuka, kisha sikio limekaa mwisho. Yote mawili. Msiandike kama mnavyoongea, mkategemea kupandisha sauti!"

Tukaona tumeelewa. Basi akaandika "I do not know where he is" na kuuliza nani aje aweke alama ya mwisho. Nikakimbia mimi, nikachora sikio zuri lenye hereni. Akanitazama kwa huruma.

"Hapo umeuliza nini?"

"Yuko wapi, mwalimu."

"Hujauliza. Umekiri tu kwamba hujui. Asiyejua anapata nukta. Anayeuliza ndiye anapata sikio."

Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo nikawa naiogopa alama ile. Niliweka pasipotakiwa, nikaacha panapotakiwa. Ugonjwa wangu ulikuwa mmoja: nilipoandika swali nililisikia kichwani, sauti ikipanda vizuri kabisa, na nikadhani karatasi nayo imesikia.

Jirani yetu wa upande wa kijitoni alikuwa mjane, mama mtu mzima asiyekuwa na mtoto. Tulimwita mama jirani. Miaka kabla ya Uhuru yeye na mumewe walifanya kazi Amani, kule kwenye utafiti wa mimea, wakimsaidia mama mmoja wa Kizungu kukusanya majani na maua msituni. Mume alifariki, yule Mzungu akarudi kwao Ulaya, na mama jirani akarudi kijijini na sanduku la bati na tabia ambazo watu hawakuzielewa. Aliingia msituni peke yake. Alirudi mikono mitupu, hana kuni, hana uyoga, hana dawa. Mtu anakwenda msituni saa nzima kufanya nini? Wanawake walipomwona anapita walinyamaza, na akishapita waliendelea kwa sauti ya chini. Bibi yangu hakumsema vibaya. Aliniambia tu nisikae kwake sana.

Jumamosi moja mchana bibi alikwenda mjini sokoni. Mama jirani akaniita kutoka uani kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akanikalisha jikoni, akanipa mahindi ya kuchoma na kikombe cha chai. Halafu akafunga mlango. Mlango wa jikoni, mchana kweupe, na moshi wote ule!

Akatoa bahasha yenye stempu ya nje.

"Wewe unasoma Kiingereza," alisema. "Aliyekuwa ananisomea amehamishwa kikazi. Nisomee. Ila usimwambie mtu."

Ilikuwa karatasi nyembamba ya rangi ya buluu, mwandiko umelala kama majani yaliyopigwa na upepo. Maneno mengi sikuyajua. Lakini nilichokiona kwanza ni yale masikio. Kila mstari ulikuwa nalo. Nikayahesabu kimoyomoyo, yalikuwa kumi na manne. Nikajiuliza, mtu aliyeko Ulaya ana shida gani ya kuuliza maswali kumi na manne kuhusu kijiji chetu?

Nikasoma taratibu. "How are our children?" Watoto wetu hawajambo? Nikamtazama. Watoto gani, mtu ambaye hakuzaa? "Are they still under the rock?" Bado wako chini ya mwamba? "How many are left?" Wamebaki wangapi? "Has anybody found them?" Kuna mtu amewagundua? Na mwisho kabisa palikuwa na sentensi moja isiyo na sikio: "Do not tell anyone where they are." Usimwambie mtu yeyote waliko. Hiyo niliielewa bila kusaidiwa.

Mama jirani alikuwa amefumba macho, anatabasamu kidogo kama mtu anayesikia wimbo wa zamani. Hakunieleza chochote. Akatoa karatasi na kalamu kwenye sanduku la bati.

"Tumjibu. Andika kwa Kiingereza. Mwambie watoto wapo. Wamebaki saba. Mwambie shamba la kijiji linasogea kijitoni. Halafu mwambie: utakuja kuwachukua? Au niwahamishe mimi?"

Nikaandika. Kila neno nililitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Nilipofika pale kwenye swali nililisikia kichwani jinsi alivyolisema, sauti ikipanda mwishoni, ya mtu anayeomba. Nikaandika "You will come to take them." Nikaandika "I move them." Nikaweka nukta zangu, nikashukuru Mungu kwamba nimemaliza. Akabandika stempu, akanishika kichwa, akaniambia "hongea", ndiyo asante yetu kwa Kishambaa, na akanipa peasi mbili.

Bibi aliporudi aliona wino kwenye kidole changu.

"Ulikuwa unaandika nini?"

"Kazi ya shule, bibi."

"Jumamosi?"

Nikakificha kidole mgongoni. Naye hakuuliza tena, akaendelea kunitazama wakati anapanga vitu vyake vya sokoni, na niliona kabisa kwamba hakuniamini.

Siku zilizofuata sikuwa na amani. Nilichungulia vyombo vilivyoanikwa uani kwa mama jirani nione kama sahani ni zaidi ya moja. Nilitafuta nyayo ndogo kwenye tope la njia ya kijitoni. Watoto saba wanakula nini chini ya mwamba? Ni wa nani? Yule Mzungu amewaficha tangu Uhuru, au wameibwa? Siku moja baada ya shule nikamfuata kwa mbali. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kijitoni, akapotea mbele yangu kama aliyemezwa. Nikasimama. Nikasikia sauti yake, karibu sana, ikisema kwa Kishambaa, pole pole, kama unavyoongea na mtoto mchanga. Aliwauliza wameamkaje. Nikasubiri kusikia wanavyoitikia. Hapakuwa na sauti ila maji. Nilikimbia mpaka nyumbani, na sikumwambia mtu.

Barua za kijiji wakati ule zilikusanywa na balozi, naye alizipeleka posta mjini siku ya soko. Barua ya mjane kwenda Ulaya aliikuta kwenye fungu lake. Alizunguka nayo siku tatu, baadaye alisema hivyo mwenyewe, kisha akaifungua.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, tukaambiwa nyumba kumi zote zifike kwa balozi. Wanawake walikaa kwenye majani, wanaume wakasimama karibu na ukuta. Mwalimu wa Kiingereza aliitwa naye, ingawa hakuwa wa kanisa letu wala wa nyumba kumi zetu, akaja na masweta yake mawili. Mama jirani alikuwa bado na nguo zake nyeupe za kwaya. Balozi akaikunjua karatasi, na mimi nikauona mwandiko wangu kutoka pale nilipokaa.

"Ndugu zangu," alianza, "mimi si mtu wa kuingilia mambo ya mtu. Lakini barua hii inakwenda nje ya nchi, na ndani yake mna watu waliofichwa." Akasoma sentensi kwa sentensi, akitafsiri. Watoto wapo. Wamebaki saba. Alipofika pale akainua kidole. "Sikilizeni. Utakuja kuwachukua. Mimi nawahamisha. Si kwamba anauliza, anamwambia! Mpango umeshapangwa!"

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe karibu.

"Mama, tueleze," balozi alisema. "Watoto gani hawa?"

Mama jirani alisimama taratibu. "Ni maua," alisema.

Kicheko kikatoka nyuma, kikaenea uani kote. Maua! Maua ndiyo Mzungu apande meli kuja kuyachukua? Balozi hakucheka. Alimwomba awaonyeshe hayo maua. Akakataa. Akasema alitoa ahadi ya kutomwonyesha mtu, na kama ni polisi, yuko tayari kwenda.

"Basi kesho tutakwenda wote Lushoto," alisema balozi, na nilisikia kwamba hakufurahi kulisema. Akampa mwalimu ile karatasi. "Mwalimu, thibitisha kama nimesoma sawasawa."

Mwalimu akaisoma. Nikaona macho yake yakisimama mahali, yakarudi nyuma, yakasimama tena. Alikuwa ameusahihisha mwandiko ule kwa kalamu nyekundu mwaka mzima. Akainua kichwa na kunitafuta katikati ya wanawake, akaniona, akayaondoa macho haraka.

"Ndugu balozi, umesoma yaliyoandikwa," alisema. "Ila aliyeandika alikusudia kuuliza. Hakugeuza maneno wala hakuweka alama. Ni kosa la mwanafunzi."

"Umejuaje alichokusudia?"

Mwalimu akaitazama tena karatasi.

"Nakuuliza, mwalimu. Umejuaje yaliyo kichwani mwa mtu aliyeandika barua hii? Unamjua?"

Na watu wote wakamgeukia yeye. Mtu wa kuja, wa pwani, anayekaa peke yake na kupokea magazeti. Niliona shaka inavyohama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine bila hata kuchukua muda. Mwalimu alikunja karatasi, akaikunjua. Hakunitaja.

Nikasimama. Bibi akalishika pindo la gauni langu, akavuta. "Kaa chini," alinong'ona, "kaa chini, mwanangu." Nilibaki nimesimama, na pindo likiwa mkononi mwake.

"Ni mimi niliyeandika," nilisema. "Nilisahau."

Mwalimu alinipa karatasi akaniambia niisome kama nilivyoambiwa niandike. Nikasoma, sasa kwa mpangilio aliotufundisha: "Will you come to take them?" Sauti yangu ilipanda mwishoni, ikakatika. Nikasoma na lile la pili, "Or shall I move them?", kwa msaada wake. Yakasikika yalivyokuwa: maneno ya mtu aliyebaki peke yake na kitu, hajui akifanyeje.

Balozi akafikiri. "Sawa, ni swali. Lakini swali halijaniambia watoto wako wapi. Kesho tutakwenda Lushoto, na huyu binti naye ataeleza huko."

Bibi akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Mama jirani akamtazama bibi, kisha mimi. Akavua kitambaa cha kichwa akajifuta uso, akajifunga tena.

"Mtoto asiende," alisema. "Njooni niwaonyeshe."

Tukamfuata, labda watu thelathini, kwa mstari mmoja kwenye njia ya kijitoni. Alitupitisha kwenye magugu, tukashuka mahali ambapo hata sisi watoto wa pale hatukupajua, chini ya mwamba mkubwa uliokuwa unadondosha maji. Akapiga magoti, akasogeza jani la mgomba mwitu. Yalikuwa pale, mashina saba, madogo yanaenea kiganjani, majani yake yana manyoya laini kama sikio la ndama, na maua ya zambarau yameinamisha nyuso. Alisema yule mama wa Kizungu alipanda huku pamoja naye mara moja, kabla ya kurudi kwao Ulaya, akayaona, akalia kwa furaha kwa sababu aina ile hakuiona hata Amani. Wakayaita watoto wao, wanawake wawili wasio na watoto.

Balozi alivua kofia. Alichuchumaa muda mrefu, akatazama nyuma ya mwamba, akagusa udongo.

"Ni haya tu?"

"Ni hayo."

Akamrudishia barua. "Nisamehe, mama. Kazi yangu ni kuuliza." Wanawake waliokuwa wamecheka uani hawakucheka tena. Mmoja alishuka akamshika mkono mama jirani wapande pamoja.

Ningependa niishie hapo, lakini hayakuishia hapo.

Wiki mbili baadaye mama jirani alikuja mlangoni kwetu asubuhi, tope limemfika magotini. Maua hayakuwepo. Yaling'olewa na mizizi yake yote, na mwamba umekwanguliwa kwa jembe mpaka ukabaki mweupe. Hakupiga kelele, hakumtaja mtu. Jioni aliniita tumwandikie rafiki yake. Safari hii hakunipa swali hata moja niandike. Tuliandika kwamba watoto hawapo tena na kwamba kosa ni lake, kwa sababu aliwaonyesha watu. Nilimwambia kosa ni langu. Akasema, "Andika nilivyokwambia." Barua ilikwenda. Jibu halikuja kamwe, na sijui hadi leo kama yule mama alikasirika, au alifariki, au barua ilipotea njiani.

Mimi nilijua aliyeng'oa. Nilikuwa nimemwona balozi akipita njia ile na jembe begani, siku mbili kabla. Nani mwingine? Aliaibika mbele ya watu wake, nikasema moyoni, sasa amelipiza. Na ndugu yangu, wewe unajua shikamoo ni kitu gani kwetu. Mtoto anayempita mtu mzima bila kumwamkia habari zake zinafika nyumbani kabla yake. Mimi nilimnyima balozi shikamoo. Nikimwona mbali nilishuka bondeni, nikazunguka kwenye mahindi ya watu ili nisikutane naye. Tukikutana ghafla nilijifanya ninafunga mzigo. Nilipokwenda sekondari, na nilipoanza kazi, na kila niliporudi likizo, niliendelea hivyo. Yeye alikuwa akisimama, ananiita, "Hujambo binti, umerudi?" Nami naitikia kwa kichwa tu. Alizeeka hivyo. Alikufa hivyo. Mama jirani naye alikuwa ameshatangulia, na sanduku lake la bati likachukuliwa na ndugu wa mumewe.

Mwaka mmoja baada ya kumzika balozi nilikwenda kumwona bibi. Tulikaa kizingitini mchana tunapukuchua maharage, yeye kwa mikono ambayo haikuwa na nguvu tena. Nikamtaja balozi kwa maneno makali, kama kawaida yangu. Bibi akaacha kupukuchua.

"Yale maua niliyang'oa mimi," alisema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Yangebaki, barua zingeendelea kuja. Na barua zikija, ungeitwa kuzisoma. Siku moja wangekuja kukuchukua kwa ajili ya karatasi. Sikuwa na mwingine ila wewe." Akachukua ganda jingine. "Balozi alinikuta nayafukia. Akasema, 'Mama, umefanya nini?' Nikamwambia. Akanisaidia kubeba jembe mpaka njiani. Hakumwambia mtu."

Tulimaliza maharage yale. Sikumbuki kama tuliongea kitu kingine.

Safari hii ya mwezi uliopita nilitembea mpaka kijitoni. Msitu umerudi nyuma sana, na pale palipokuwa na magugu sasa kuna karoti na kabichi mpaka ukingoni mwa maji. Maji yenyewe wameyaingiza kwenye mabomba. Ule mwamba ulipasuliwa zamani kwa ajili ya mawe ya kujengea. Kijana aliyekuwa anamwagilia aliniuliza natafuta nini, akinitazama kwa wasiwasi, nikamwambia naangalia tu.

Shule ina walimu wengi siku hizi, na hakuna anayemkumbuka mwalimu wa masweta mawili. Wote niliowashuku wamekufa, na niliyepaswa kumshuku nilimzika mwenyewe kwa heshima zote, na ningemzika hivyo hata kama ningejua.

Amebaki mjane wa balozi. Amezeeka sana, haoni vizuri, anaota jua ukutani kwao, uani pale pale. Niliinama mbele yake nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia, akauliza mimi ni nani. Nikamtajia ukoo wa bibi. "Marahaba, mwanangu, marahaba," akarudia, akangoja nimwachie. Sikumwachia. Nikamwamkia tena, na tena, mpaka wajukuu zake waliokuwa wanacheza wakasimama kututazama.